Tarehe Si Chumvi ya Kuazimana

Hapa Dzaleka jirani akiishiwa chumvi anamtuma mtoto na kikombe. Akikosa moto anamtuma na kigae aombe kaa. Mimi, tangu watu wajue nasoma historia chuo kikuu, watoto wanatumwa kwangu kuazima tarehe. "Mama anauliza, vita ya RCD ilianza mwezi gani?" "Papa anasema, Mobutu alitoka mwaka gani?" Najibu, mtoto anaondoka akiirudia njiani asije akaisahau: Agosti tisini na nane, Agosti tisini na nane.

Kwa muda mrefu niliona jambo hilo ni zuri. Kwa kweli lilinivimbisha kichwa. Siku hizi sitoi tena tarehe kwa namna hiyo, na nataka kueleza sababu. Ndani yake kuna swali ambalo naamini linatuhusu sote, sisi tunaokaa upande huu wa meza na ninyi mnaokaa upande ule: mtu akikuomba umsaidie kukumbuka, msaada wako uishie wapi?

Nianze na masomo yenyewe. Nasoma shahada ya kwanza kwa njia ya intaneti, niko mwaka wa tatu. Kazi nyingi nazifanya kwenye chumba cha kompyuta, na umeme ukikatika naendelea kwa simu mpaka bando liishe. Wenzangu waliochagua biashara au kompyuta hawakuulizwa kitu. Mimi niliulizwa na kila mtu. Kinyozi wetu alisimamisha mashine katikati ya kichwa changu akasema, "Historia? Kwani sisi wenyewe si historia?" Mama yangu aliuliza kwa ufupi zaidi: "Itakupa ugali?"

Sikuwa na jibu, na upande wa ugali mpaka leo sina. Baadaye nikagundua kwamba swali la mama ni la zamani. Marc Bloch, Mfaransa, aliandika kitabu juu ya kazi ya mwanahistoria wakati nchi yake imekaliwa na Wajerumani, naye yuko mbali na maktaba yake. Kitabu kinaanza na mtoto anayemuuliza baba yake historia inafaa nini. Bloch hakukimaliza. Aliingia katika upinzani, akakamatwa, akapigwa risasi tarehe 16 Juni 1944. Ilinipa moyo kujua kwamba mtu anaweza kulishughulikia swali hilo akiwa hana vitabu wala usalama, asione kwamba anapoteza wakati.

Nilidhani shahada ya historia ni kujazwa tarehe kama gunia la mahindi. Kumbe kazi kubwa ni kuuliza: unajuaje? Nani alisema? Aliona kwa macho yake au alisikia? Liliandikwa lini, kwa lugha gani, kwa ajili ya nani? Na aliyelisema alikuwa anataka nini?

Masomo mawili yalinishika. La kwanza ni la Jan Vansina, Mbelgiji aliyeanza utafiti kwa Wakuba wa Kasai, kwetu Kongo, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Wakati huo wasomi wengi wa Ulaya walishikilia kwamba pasipo maandishi hakuna historia, na kwamba maneno ya wazee wetu ni ngano tu. Vansina alitoa kitabu mwaka 1961 kuonyesha kwamba mapokeo ya mdomo ni ushahidi kama ushahidi mwingine. Yanaweza kulinganishwa, kupimwa na kuhojiwa, ilimradi ujue nani aliyapokea kwa nani na yalikuwa yanatumika kwa kazi gani.

La pili ni la Alessandro Portelli, wa Italia. Katika mji wa Terni, mji wa kiwanda cha chuma, kijana mfanyakazi aliyeitwa Luigi Trastulli aliuawa na polisi tarehe 17 Machi 1949, wafanyakazi walipotoka kiwandani kuandamana kupinga nchi yao kujiunga na NATO. Tarehe hiyo haina ubishi. Lakini Portelli alipokwenda kuwahoji wazee wa Terni miaka mingi baadaye, wengi walimwambia kwamba kijana yule aliuawa mwaka 1953, wakati kiwanda kilipofukuza wafanyakazi kwa wingi na watu wakapigana na polisi mitaani. Hawakuwa wanadanganya. Walikuwapo. Ila kifo cha kijana wao mwaka 1949 kilikuwa cha ghafla, kilipita bila watu kuweza kufanya lolote, na hilo liliwauma. Mwaka 1953 ndio walipopigana. Basi kumbukumbu ikakichukua kifo ikakipeleka mahali ambapo kilipata maana. Portelli hakulitupa kosa lile. Aliliona kuwa linamweleza kitu ambacho tarehe sahihi peke yake isingemweleza.

Nilipomaliza kusoma habari hiyo nilizima simu nikakaa. Nilikuwa nafikiria intavyu.

Wakaaji wenzangu, sihitaji kuwaeleza intavyu ni nini. Unasimulia unapoandikishwa, unasimulia tena unapoomba hadhi ya ukimbizi, unasimulia mara ya tatu na ya nne kesi yako ikipelekwa nchi ya tatu. Kati ya mara moja na nyingine inaweza kupita miaka kumi. Kisha mtu anaweka karatasi mbili pamoja na kuuliza: mbona hapa ulisema 1996, na hapa 1998? Afisa na mwanahistoria wote wawili wanaiona ile tofauti. Ila mmoja anafundishwa kuuliza maana yake nini, na mwingine mara nyingi anabaki na swali moja tu: anadanganya au hadanganyi?

Nisiwaonee maafisa. Mwanahistoria anaweza kuandika "huenda" akaenda kulala. Afisa lazima aseme ndiyo au hapana. Na hadithi za uongo zipo, sote tunajua. Zipo zinazouzwa. Tena kuna watu waliotenda maovu kisha wakakimbia pamoja na waliowatendea. Hata mwongozo wa UNHCR, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1979, unakiri kwamba mkimbizi hawezi kuthibitisha kila jambo, na kwamba inafika mahali apewe nafasi ya kuaminiwa palipo na shaka. Lakini unataka pia maelezo yake kwa jumla yawe yanashikamana. Basi hapo kwenye kushikamana ndipo watu wanapokuja kwangu.

Kosa langu la kwanza nalisema wazi. Kijana mmoja alikuja akaniambia ana intavyu, anataka kujua vizuri habari za mauaji yaliyotokea katika kijiji kimoja cha kwetu, Kivu ya Kusini. Kijiji sikitaji. Nilidhani anataka kujifunza. Nikampa tarehe, nikampa mpangilio wa siku, askari walitoka upande gani, kanisa lilikuwa wapi. Nilikuwa nimesoma ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2010 juu ya maovu ya Kongo ya kati ya 1993 na 2003, na nilifurahi kupata mtu wa kumwonyesha ninavyojua. Wiki chache baadaye nilimsikia akisimulia, kwenye foleni ya maji, habari hiyo kama yake. Sentensi moja ilikuwa yangu neno kwa neno. Hakuwahi kuishi kule.

Mwaka uliofuata mwanamke wa kijiji kile hasa, aliyepoteza watu wake pale, alirudi kutoka kwenye mahojiano akiwa amenyamaza. Alituambia aliulizwa nani amemfundisha, maana hadithi yake inafanana na nyingine. Sijui kama ile nyingine ilikuwa ya yule kijana. Huenda sivyo. Lakini tangu siku hiyo nilipoulizwa tarehe nilianza kusita.

Ndipo akaja Mama Jirani. Jina lake nalihifadhi, na aliniruhusu kuandika haya baada ya kumsomea. Alikuja usiku, ameshika daftari la shule. Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaniambia, "Mutoto wangu, weye njo mutu wa historia. Nipe mwaka. Bwana yangu alikufa mwaka gani?"

Nikamuuliza kwani yeye amesema mwaka gani. Akasema amesema 1996, wakati vita iliingia. Ndivyo alivyosema mara zote. Lakini mtoto wake wa mwisho, binti, ameandikwa kuzaliwa mwaka 1998. Basi kwenye intavyu ya mwisho aliulizwa: kama mume alikufa 1996, baba wa huyu binti ni nani? Alikosa la kusema. Na mkalimani alikuwa mtu wa hapa hapa, mtu wanayeonana kwenye kisima. Tangu siku ile, aliniambia, akimwona mkalimani yule anabadilisha njia.

Alikuwa ameshafikiria dawa. "Tuseme mutoto ni wa tisini na sita. Walikosea kuandika. HCR wanakosea kila siku." Alitaka nimwandikie barua kwa Kiingereza kizuri, na nimpangie hadithi ikae sawa.

Ningeweza. Kwanza ni kweli kwamba karatasi zinakosea. Hapa kambini nusu yetu tumezaliwa tarehe 1 Januari, eti. Mimi mwenyewe ni wa 1 Januari, na mama anasema nilizaliwa wakati wa kuvuna mihogo. Karatasi nayo ni mdomo wa mtu: mtu aliyechoka, aliyesikia Kibembe kikigeuzwa Kiswahili kisha Kiingereza, mwenye foleni ya watu mlangoni. Mwalimu wetu wa historia anatufundisha kuhoji hati kama tunavyomhoji mzee. Kwa hiyo barua ile ingeaminika kabisa.

Lakini nilimkumbuka yule kijana wa kwenye foleni ya maji. Nikamwambia Mama, "Mwaka sina. Mwaka unao weye. Tuutafute."

Tukautafuta siku tatu. Sikumuuliza miaka hata mara moja. Nilimuuliza alikuwa analima nini. Mvua ilikuwa inanyesha? Askari waliokuja walikuwa wanaongea lugha gani? Mtumbwi ulitoka wapi, na ndani mlikuwa nani na nani? Siku ya pili akasema kitu kikanishtua. Akasema kwenye mtumbwi mume alikuwa anapiga kasia. Nikamwuliza: si alikuwa amekufa? Akanyamaza. Kisha akasema, polepole, "Ile ni ya kwanza."

Kumbe walikimbia mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa mwishoni mwa 1996, vita ilipofika Uvira na kushuka Fizi. Walivuka Tanganyika usiku, wote, na mume akiwemo, wakafika Kigoma. Mobutu alipotoka Mei 1997 watu waliambiwa nchi imetulia, na wengi wakarudishwa kwa meli. Akaikumbuka meli: Liemba. Hapo nilishindwa kujizuia nikamweleza kwamba ile meli ilijengwa na Wajerumani mwaka 1913, ikazamishwa na wao wenyewe 1916, Waingereza wakaiibua 1924. Akaniangalia akasema, "Njo maana ilikuwa inalia vile."

Siku ya tatu nilimuuliza habari za pesa. Akacheka, mara ya kwanza. Akasema mume wake alikuwa anapeleka mawese Uvira, na kiangazi kimoja alirudi na noti mpya, ndogo ndogo, za franka, zile za sufuri nyingi zimekatwa. Jirani walikuja kuziangalia. Yeye alikataa kuamini kwamba kinoti kile ni pesa. Mume akaitia moja kwenye kiganja cha mtoto mchanga, akasema, huyu njo tajiri wetu. Mtoto alikuwa bado hajaanza kukaa. Ndiye binti wa mwisho.

Sasa, franka ya Kongo ilianza kutumika tarehe 30 Juni 1998. Hilo halina ubishi. Nikamwambia: Mama, kama alirudi na franka, basi alikuwa hai baada ya 30 Juni 1998. Vita ya pili ilianza Agosti. Unasema aliuawa njia ya shamba, mvua zimeanza. Basi ni mwishoni mwa mwaka ule.

Nilitegemea afurahi. Nilikuwa nimepata jibu zuri sana, la kuandikia insha. Yeye alijifunika uso na kitenge akalia. Nilidhani nimemuumiza. Aliposhusha kitenge akasema, "Kumbe tulikaa naye ule wakati wote."

Nimefikiria sana maneno hayo. Zaidi ya miaka ishirini alikuwa amembeba mume aliyekufa 1996. Alijua, mahali fulani ndani, kwamba kulikuwa na kurudi, kuna nyumba waliyoezeka upya, kuna michikichi waliyoipanda, kuna mtoto. Lakini kila alipoombwa asimulie, aliombwa asimulie kukimbia. Hakuna aliyemuuliza juu ya mwaka mmoja na nusu ambao hawakukimbia. Na kukimbia kuliko na kifo ndani yake kulikumeza kule kwingine, na kwa kuwa kila mtu husema vita iliingia 1996, kifo nacho kikaenda kukaa 1996. Wazee wa Terni wangemwelewa.

Hapo ndipo ugumu halisi ulipoanza. Alijifuta macho akaniambia, "Lakini hii ya kurudi hatuisemi." Aliogopa wakijua alirudi watasema nchi ilikuwa salama, mbona amekimbia tena. Alitaka tuchukue 1998 kwa ajili ya kifo, tuache 1996 kwa ajili ya kukimbia kwa kwanza, na katikati tupazibe: waliishi msituni. Hadithi ingenyooka. Heshima yake ingerudi, na hofu yake ingeondoka.

Naomba msomaji asimhukumu upesi. Nilijiuliza kwa uaminifu: nina haki gani ya kumkataza? Hakuua mtu. Mume aliuawa kweli. Alikimbia kweli, tena mara mbili. Kuna mlango mbele yake, na anayeulinda anapenda hadithi iliyonyooka. Mtu akilazimika kuinama ili apite mlango mfupi, hatusemi amekuwa mfupi. Na mimi ninayemhubiria ukweli nina shahada njiani. Yeye ana nini?

Kwanza nilifikiria hoja ya woga. Waliorudishwa kwa meli waliandikwa, na pengine jina lake liko kwenye orodha mahali. Sikutaka kutumia hoja hiyo, maana mtu anayesema kweli kwa kuogopa kukamatwa hajachagua kweli, amechagua usalama. Lakini kumficha nako kungekuwa kumdanganya. Nikamwambia. Nikamwambia pia kile ninachokijua: mtu aliyerudi kwao aliposikia amani, kisha akakimbia vita vipya, hana kosa kwa kurudi. Mkataba wa OAU wa 1969 unamtambua mkimbizi hata yule anayekimbia uvamizi au machafuko makubwa, si lazima awe anawindwa yeye binafsi. Kurudi kwake hakufuti kilichomkuta baadaye. Alisikiliza, akasema, "Wewe unasoma kitabu. Wao wanasoma uso."

Hoja ya pili ilikuwa ya yule mwanamke wa kijiji. Kila hadithi tunayoinyoosha inapanda bei ya unyofu. Afisa akisikia hadithi hamsini zilizonyooka, ya hamsini na moja iliyopinda, ambayo ni ya kweli, inaonekana ya uongo. Anayeumia si sisi tulioinyoosha. Ni mama mwingine asiye na jirani wa chuo kikuu. Mama Jirani alikubali kwamba hoja hiyo ni kweli. Lakini alisema, kwa haki kabisa, kwamba hawezi kuwabebea watu wote.

Nilikuwa nimeishiwa hoja. Iliyobaki haikuwa yangu. Binti yake, ambaye sasa ni mtu mzima, alikuwa nje anaosha vyombo, na ukuta wetu ni wa tofali mbichi na plastiki, unasikika kila kitu. Akaingia na mikono yake mibichi. Hakuzungumza na mimi. Akamuuliza mama yake: "Ile noti, aliniwekea miye?"

Mama akasema ndiyo.

"Hujawahi kuniambia."

Usiku ule nilielewa kile ambacho mihadhara haikunipa. Nilikuwa nimelichukulia swali kama la watu wawili: Mama na afisa, au Mama na mimi. Kumbe kulikuwa na mtu wa tatu. Tukiuziba ule mwaka kwa msitu, tunamziba baba aliyemshika mtoto wake mkononi na kumwita tajiri. Tukimfanya binti kuwa wa 1996, tunampa umri usio wake. Mama alikuwa na haki juu ya maumivu yake, na alikuwa na haki ya kunyamaza. Hata mwanahistoria hana ruhusa ya kumfungua mtu mdomo. Lakini kunyamaza ni jambo moja, na kujaza kimya kile kwa jambo ambalo halikutokea ni jingine. Ukinyamaza, anayekuja nyuma anaweza siku moja kuuliza. Ukijaza, umemwachia jibu la uongo, na hatajua kwamba kuna swali.

Chumvi ni yangu. Nikiwa nayo naweza kukumegea, na wewe ukimwaga ni shauri lako. Tarehe haiko hivyo. Ya kifo cha mume wa Mama si yangu kuitoa, na si yake peke yake kuibadilisha, kwa sababu wengine wanaishi ndani yake. Kwa hiyo mpaka wangu nimeuweka hapa: nitamsaidia mtu kukumbuka kwa kadiri ya nguvu zangu, hata siku kumi. Sitampa cha kukumbuka.

Sikumwambia Mama afanye nini. Nilimwambia tu kwamba msitu sitauandika, na kama akitaka kuandika yale mengine, nipo. Baada ya siku nne alirudi na daftari. Tuliandika kurasa sita kwa Kiswahili, maneno yake, na mimi nikaweka pembeni kile kinachojulikana: vita ya kwanza, Mobutu kutoka, franka, vita ya pili. Maneno yake upande mmoja, yangu upande mwingine, yasichanganyike. Ndivyo tunavyofundishwa kufanya na chanzo. Kisha nikatafsiri.

Alikwenda kwenye mahojiano na daftari lile. Alipotoka nilimuuliza ilikuwaje. Akasema afisa alikuwa msichana mdogo, alisoma muda mrefu. Akamuuliza habari ya kurudi, naye akaeleza. "Nimemwambia hata habari ya michikichi," akasema. Jibu halijafika. Sijui kama tumemsaidia au tumemharibia. Likija baya, nitalala na hilo, na sitajifariji kwa kusema kwamba ukweli hulipa. Mara nyingine haulipi.

Nina maombi mawili, moja kwa kila upande wa meza.

Ninyi mnaouliza: msianze na mwaka. Watu wengi hapa hatukuishi kwa kalenda. Tuliishi kwa mvua, kwa mihogo, kwa watoto kuota meno, kwa pesa kubadilika. Uliza hayo, mwaka utakuja wenyewe. Na ukikuta tofauti kati ya karatasi mbili, kabla ya kumuuliza mama baba wa mtoto ni nani, uliza kwanza karatasi ile iliandikwaje. Kama huna budi kuuliza swali la namna hiyo, angalia mkalimani ni nani na wanakutana wapi kesho.

Sisi tunaoulizwa: tuandike sasa, kabla ya intavyu, si kwa ajili ya intavyu. Nunua daftari. Andika majina ya watoto na mvua waliyozaliwa. Andika na miaka ambayo hamkukimbia, nani aliezeka nyumba, nani alicheka. Kambi yetu hii ilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Kamuzu Banda, kabla ya wakimbizi kuletwa hapa mwaka 1994. Tunatembea juu ya hadithi za watu waliolala humu kabla yetu, na nyingi hatutazijua, kwa kuwa waliozibeba wameondoka nazo.

Mtoto wa jirani wa upande wa pili amekuja jana. "Papa anauliza, Kabila mzee aliuawa mwaka gani?" Tarehe hiyo ipo kwenye vitabu, 16 Januari 2001, na zamani ningempa akakimbia nayo. Nilimwambia amwambie baba yake aje mwenyewe, na aje na muda. Mama yangu alikuwa anasonga ugali, akasikia, akasema, "Na aje na unga."

Amekuja jioni. Kwanza nimemuuliza siku ile aliposikia habari hiyo alikuwa wapi.